Saa janja si daktari: jua inachopima na isichoweza kupima

Ukipanda matatu ya nambari 46 asubuhi kutoka Kawangware kuelekea katikati ya jiji, hebu tupia macho mikono ya abiria wenzako. Huyu amevaa saa yenye kioo cheusi kinachowaka akiinua mkono. Yule naye anaitazama yake kuona amepiga hatua ngapi tangu alipoamka. Hizi ndizo saa janja, yaani saa zinazoshirikiana na simu ya mkononi na kudai kupima mambo mengi ya mwili. Zamani zilikuwa za matajiri. Leo zimejaa katika maduka ya Luthuli Avenue, na nyingine huuzwa kwa bei ambayo hata kibarua anaweza kuimudu akijinyima kidogo.

Wagonjwa wangu huniuliza mara kwa mara, "Daktari, saa hii ni ya kuaminika?" Jibu langu ni kwamba inategemea unaiuliza nini. Kabla sijafafanua, nikueleze kisa cha mzee mmoja.

Mzee huyu wa miaka 61, mkazi wa Kangemi, aliingia katika kliniki yangu akichechemea. Ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa zaidi ya miaka 10, na kwa muda huo wote alikuwa akijidunga kidole na kupima sukari kwa kimashine chake kidogo. Kisha mwanawe akamletea zawadi ya saa. Juu ya kisanduku chake palikuwa pameandikwa kwamba inapima mapigo ya moyo, oksijeni, presha na sukari, bila sindano na bila damu. Kila asubuhi saa ilimwambia sukari yake ni 5.4. Mzee alifurahi mno. Vijiti vya kupimia sukari ni ghali, na vidole vyake vilikuwa vimechoka kudungwa. Akakitia kimashine chake kabatini. Baada ya miezi mitatu, kwa kuwa saa ilimhakikishia kwamba amepona, akapunguza vidonge vyake hadi nusu bila kumwambia mtu.

Nilipomdunga kidole, sukari ilikuwa 23.8. Kidole kidogo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na kidonda ambacho hakukihisi, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeua hisia za mguu. "Lakini daktari," akaniambia, "saa yasema ni 5.4."

Niliivua saa ile nikaifunga kwenye roli ya tishu iliyokuwa mezani pangu. Tukangoja. Baada ya muda mfupi saa ikatangaza kwamba tishu ile ina mapigo ya moyo 77 kwa dakika na sukari 5.6. Mzee aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Siku chache baadaye, madaktari wa upasuaji walilazimika kukikata kidole kile.

Nimesimulia kisa hiki kwa idhini yake. Somo letu la leo linahusu jinsi ya kuitumia saa hii, pamoja na simu yako na ule msaidizi wa sauti anayejibu maswali, bila kuyaweka maisha yako hatarini.

SAA HUHESABUJE MAPIGO YA MOYO?

Igeuze saa yako uutazame upande unaogusa ngozi. Utaona vitaa vidogo vinavyometameta, aghalabu vya rangi ya kijani. Damu yetu ni nyekundu, nayo hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye kiwiko cha mkono, mwanga mwingi hufyonzwa, na mwanga unaorudi hupungua. Moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo, mwanga unaorudi huongezeka. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko, kisha hukuonyesha idadi ya mapigo kwa dakika.

Utaona basi kwamba saa hutazama damu ikipita, lakini haionji. Ni kama askari wa trafiki aliyesimama pale Waiyaki Way. Anaweza kukuambia ni magari mangapi yamepita, lakini hawezi kujua kila abiria ana shilingi ngapi mfukoni.

Yapo mambo yanayoweza kuivuruga hesabu hiyo. Mkanda ukilegea, mwanga wa nje huingia. Mkono ukiwa baridi, kama ilivyo kawaida asubuhi za mwezi wa Julai kule Uthiru na Kikuyu, mishipa hujikunja na damu hupungua. Michoro ya chale kwenye kiwiko huzuia mwanga, na mtikisiko huchanganya saa. Isitoshe, ngozi nyeusi hufyonza mwanga zaidi, jambo ambalo sisi Waafrika hatuna budi kulizingatia. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walipima aina 7 za saa na bangili kwa watu 60. Walipata kwamba makosa yaliongezeka kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi na kwa wale wenye miili mizito.

SAA NA SIMU: NDOA YENYE MASHARTI

Wengi hudhani saa ndiyo inayofanya kazi yote. La hasha! Saa hukusanya vipimo, kisha huvipeleka kwa simu kwa mawimbi ya Bluetooth. Programu iliyo ndani ya simu ndiyo inayohifadhi vipimo hivyo, kuvichorea grafu na kukuonyesha mabadiliko ya wiki na miezi. Ukipenda, iwaze hivi: saa ni shahidi na simu ni daftari. Ndoa hii ina masharti yafuatayo:

1. Zilingane. Saa ya Apple huhitaji iPhone. Saa za Samsung kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 hazifanyi kazi na iPhone, na kipimo cha umeme wa moyo kilichomo huhitaji simu ya Samsung yenyewe. Saa nyingi za bei nafuu hukubali simu za aina zote mbili, lakini hutoa huduma chache. Muulize mwenye duka aiunganishe saa na simu yako hapo hapo dukani kabla hujalipa.

2. Zisitengane. Bluetooth ya saa hufika takriban mita 10, na kuta za mawe huupunguza umbali huo. Hata mwili wako wenyewe, kwa kuwa umejaa maji, huzuia mawimbi hayo. Saa nyingi zinazouzwa hapa hazina laini yake. Ukiiacha simu nyumbani Kileleshwa ukaenda kutembea Arboretum, saa itaendelea kuhesabu hatua, lakini haitaweza kumpigia mtu simu ukianguka.

3. Simu isilale. Simu nyingi za Android huzilaza programu ili kuokoa betri. Programu ya saa ikilazwa, tahadhari hazifiki na daftari hubaki na mapengo. Ingia katika mipangilio ya betri ya simu yako, uiruhusu programu ya saa ifanye kazi wakati wote.

4. Daftari liwe na nakala. Sote tunajua jinsi simu zinavyonyakuliwa dirishani matatu inapokwama kwenye msongamano Tom Mboya Street. Ikiwa vipimo vyako vya miezi 6 vimo ndani ya simu hiyo pekee, navyo huenda. Hifadhi nakala kwenye akaunti yako ya intaneti, au andika muhtasari kila mwezi kwenye daftari la kawaida.

Umuhimu wa daftari hilo niliuona kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa miaka 38. Alikuja akilalamika kwamba amechoka tu. Uchovu una sababu mia moja, na siku ile mapigo yake yalikuwa 94, idadi ambayo haimshtui daktari. Ndipo akanifungulia simu yake. Grafu ilionyesha kwamba miezi mitatu awali, mapigo yake akiwa usingizini yalikuwa karibu 62. Yakapanda polepole, wiki baada ya wiki, hadi 85. Nilimpima damu, nikakuta amepungukiwa sana. Chanzo kilikuwa hedhi nzito iliyosababishwa na uvimbe wa kizazi, jambo alilokuwa akiliona la kawaida. Saa haikujua ugonjwa wake, lakini ilishuhudia kwamba kuna kitu kimebadilika, na simu ikaweka kumbukumbu. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya vifaa hivi.

VIPIMO KIMOJA BAADA YA KINGINE

Mapigo ya moyo. Hapa saa nzuri inaaminika ukiwa umetulia. Katika utafiti ule wa Stanford, vifaa 6 kati ya 7 vilipima mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha huweza kuwa chini ya hapo bila tatizo.

Hatua. Ni makadirio mazuri, lakini si hesabu ya benki. Ukifua nguo au ukisukuma chapati, saa huweza kukuhesabia hatua ambazo hukupiga. Ukisukuma mkokoteni, mikono haipungi, kwa hivyo huenda ikakunyima ulizopiga. Usihangaike na ile hatua 10,000. Idadi hiyo ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee ulionyesha kwamba waliopiga takriban hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliopiga 2,700, na faida ikaacha kuongezeka kwenye hatua 7,500 hivi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Kalori. Usiamini. Katika utafiti wa Stanford, kifaa kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Usiongeze chapati ya tatu kwa sababu saa imesema umechoma kalori 600.

Oksijeni. Ichukue kwa tahadhari. Kwanza, jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo vipimo vya mtu mwenye afya hapa huweza kuwa chini kidogo kuliko vya nduguye aliye Mombasa. Pili, hata vipimo vya kidoleni vinavyotumiwa hospitalini hukosea kwa watu weusi. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika, yaani ule ambao kipimo kilisema hakuna, ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya Wazungu. Ikiwa unahema kwa shida, nenda hospitalini hata kama saa inaonyesha asilimia 97.

Mpangilio wa mapigo. Baadhi ya saa huweza kugundua mapigo yasiyo na mpangilio, hali inayoongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, watu 419,297 walivaa saa za Apple. Waliopata tahadhari walikuwa 2,161 tu. Miongoni mwa waliopata tahadhari kisha wakavaa kifaa maalumu cha kuchunguza moyo, asilimia 34 walikutwa na hali hiyo. Kwa hivyo ukipata tahadhari, usitaharuki, lakini usipuuze pia. Nenda ukapimwe umeme wa moyo. Na usipopata tahadhari, hiyo si hati ya kwamba moyo wako ni mzima. Zaidi ya hayo, saa haitambui mshtuko wa moyo.

Presha. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Kupima presha kwa usahihi kunahitaji mkanda unaojazwa hewa. Zipo saa chache zenye mkanda mdogo wa namna hiyo. Nyingine hukadiria kwa mwanga tu. Zile za Samsung, kwa mfano, huhitaji kusahihishwa kwa mashine ya mkanda wa mkono kila baada ya siku 28. Ikiwa saa yako haina mkanda wa hewa na haikuombi kuisahihisha, tarakimu zake zisikuongoze kumeza wala kuacha dawa.

Sukari. Ndugu msomaji, naomba usome aya hii mara mbili. Mnamo Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Iliwataka watu wasizitumie, kwa kuwa mgonjwa anaweza kujidunga insulini nyingi au kidogo kuliko inavyohitajika na kupoteza maisha. Usichanganye jambo hili na vile vibandiko vyenye kisindano chembamba kinachoingia chini ya ngozi, ambavyo hutuma kipimo kwa simu, na simu ikakionyesha kwenye saa. Hivyo ni vifaa halali vya tiba. Pale saa ni kioo tu cha kusomea, kisindano ndicho kinachopima.

MSAIDIZI WA SAUTI

Tuje kwa msaidizi wa sauti. Siri wa Apple alitokea mwaka 2011, Alexa wa Amazon mwaka 2014, na Google Assistant mwaka 2016. Huyu tumwite tarishi: unamtuma, anakwenda, anarudi na jibu. Kwa mtu asiyeona vizuri au mwenye mikono inayotetemeka, tarishi huyu ni msaada mkubwa. Anaweza kumpigia mwanao simu bila wewe kugusa kitufe, na kukukumbusha dawa. Hata hivyo, ana udhaifu ambao ni lazima uujue.

Kwanza, lugha. Siri na Alexa hawakutengenezwa kwa Kiswahili. Google iliongeza uwezo wa kuandika Kiswahili kinachotamkwa mwaka 2017, na siku hizi kuna mashine za mazungumzo zinazojibu kwa Kiswahili fasaha. Lakini ufasaha si ukweli. Aidha, mashine hizi husikia lafudhi fulani vizuri kuliko nyingine. Utafiti wa mwaka 2020 uliochunguza mitambo ya kampuni 5 kubwa ulipata kwamba ilikosea maneno 35 kati ya 100 yaliyotamkwa na Wamarekani weusi, na 19 kati ya 100 yaliyotamkwa na Wamarekani weupe. Fikiria basi lafudhi zetu, pamoja na kelele za stendi ya matatu.

Pili, saa zetu za Kiswahili. Mtego huu umewanasa wengi. Mashine huhesabu saa kwa mtindo wa Kizungu. Ukiiambia ikukumbushe dawa saa mbili usiku, huenda ikaielewa kuwa ni tarakimu 2, ikakuamsha saa nane usiku wa manane. Mgonjwa wangu mmoja wa presha alizima kengele iliyomsumbua usiku, na kidonge cha jioni akakikosa kwa siku 9. Kila ukiweka kikumbusho kwa sauti, kitazame kwenye kioo cha simu. Saa mbili usiku lazima isomeke 20:00 au 8:00 PM.

Tatu, majina ya dawa. Amlodipini na amiloridi hufanana masikioni, lakini ni dawa mbili tofauti kabisa. Usimwulize tarishi kipimo cha dawa. Msomee mfamasia kilichoandikwa kwenye pakiti, au mpigie daktari wako.

Nne, wakati wa dharura. Mwaka 2016, watafiti waliwajaribu wasaidizi wa sauti wa simu kwa kuwaambia maneno kama vile, "Nina mshtuko wa moyo." Majibu yalikuwa pungufu na hayakulingana. Wamebadilika tangu hapo, lakini wengi bado hutegemea intaneti. Bando likiisha, tarishi huweza kuwa bubu. Mfundishe kila mtu nyumbani, hata mtoto, kubonyeza 999 au 112 kwa mkono.

MAMBO YA KUFANYA

• Vaa saa kidole kimoja juu ya mfupa wa kiwiko, mkanda ukikaza kiasi cha kutoteleza. Ivue kila siku uoshe ngozi na mkanda, ili kuepuka vipele.

• Tazama mwelekeo wa wiki, usitazame tarakimu ya dakika moja. Wapo wagonjwa waliougua kwa hofu kwa kutazama saa kila baada ya dakika tano. Ikikukosesha usingizi, ivue.

• Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo kilichowekwa kifuani, usiweke simu, saa wala chaja yake yenye sumaku karibu nacho. Acha umbali wa angalau sentimita 15.

• Programu ikidai orodha ya marafiki zako au jumbe zako ili kuhesabu hatua, ikatae. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huzitaja habari za afya kuwa nyeti, nawe una haki ya kuzilinda.

• Presha na sukari zipimwe kwa vifaa vyake. Vituo vya afya vya umma, kama vile vya Kangemi na Riruta, viko karibu nawe. Aidha, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa kote nchini mwaka 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Muulize jirani ni nani anayehudumu mtaani kwenu.

• Unapokwenda kliniki, beba simu yenye daftari lako. Lakini anza kwa kumweleza daktari unavyojisikia. Grafu ifuate.

DALILI AMBAZO HAZINGOJI SAA

Nenda hospitalini mara moja, saa iseme itakavyosema, ukiona mojawapo ya haya:

– Maumivu au uzito kifuani, hasa ukienea mkononi, shingoni au kwenye taya.

– Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea ghafla, au ulimi kuwa mzito. Ikiwa kiharusi kimetokana na damu iliyoganda, ile dawa ya kuiyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kila dakika ni muhimu.

– Kuhema kwa shida ukiwa umekaa.

– Kuzirai, au moyo kwenda mbio pamoja na kizunguzungu.

– Kwa mwenye kisukari: jasho baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe sukari au soda ya kawaida papo hapo. Akiwa amepoteza fahamu, usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitalini.

– Kiu isiyokoma, kukojoa mara kwa mara, macho kufifia, au kidonda cha mguu kisichopona.

ZOEZI LA WIKI HII

Kaa kitini kwa dakika 5 bila kuzungumza. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kiwiko chini ya kidole gumba cha mkono wa pili. Usitumie kidole gumba kuhisi, kwa kuwa nacho kina mapigo yake. Hesabu mapigo kwa sekunde 60, kisha linganisha na saa yako. Zikitofautiana kwa 5 au chini ya hapo, saa yako ni shahidi mwaminifu wa mapigo ukiwa umetulia. Zikitofautiana sana kila mara, au ukihisi mapigo yanarukaruka, mwone daktari kwanza, kisha ndipo uilaumu saa. Baada ya hapo, fanya jaribio la roli ya tishu. Saa ikikuletea kipimo cha sukari ya tishu, nadhani hutahitaji maelezo zaidi.

Yule mzee wa Kangemi sasa anaendelea vizuri. Amezoea kutembea na vidole tisa, na kimashine chake kimetoka kabatini. Saa bado anaivaa, kwa sababu ni zawadi ya mwanawe, na humsaidia kuhesabu hatua anapotembea jioni. Alipokuja mara ya mwisho alinionyesha daftari la shule alimoandika vipimo vyake vya sukari kwa kalamu ya wino, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja. Akanitajia methali ambayo wazee wetu walitwachia: usiache mbachao kwa msala upitao.